Siku mbili Brussels: nyumba gani zilijengwa na feza ya Kongo?

Wazee wa Bukavu, Kisangani ao Lubumbashi wakianza kuongea juu ya Ubelgiji, kuna neno moja halikosi: «Brussels yote ilijengwa na feza yetu.» Vijana nao wanalirudilia mitandaoni. Na Mkongomani anayefika kule kwa siku mbili tatu, kwa mkutano, kwa biashara ao kwenda kusalimia mtoto aliyezaa, anatembea katikati ya mji akitazama kila ukuta na kujiuliza: huu nao ulitoka kwetu?

Jibu ni kwamba si yote, lakini pia si kidogo. Kuna Brussels ya zamani, iliyojengwa na wafanyabiashara wa pale pale karibu miaka mia mbili mbele ya Ubelgiji kufikia Kongo. Na kuna Brussels ingine, ya mabarabara mapana, malango makubwa na masanamu ya shaba, ambayo mpira wa Kongo na madini ya Katanga vimo ndani yake. Zote mbili mtu anaweza kuzitembelea kwa siku mbili, kwa miguu na kwa tramu. Kuzitofautisha kuna faida, sababu anayedai kitu ambacho si chake anampa mwenzake nafasi ya kumkatalia hata kile ambacho ni chake kweli.

Asubuhi ya kwanza: soko la zamani

Kutoka uwanja wa ndege wa Zaventem, treni inafika kati ya mji kwa muda wa dakika 20 hivi. Mtu akishuka kwenye stasiyo ya Bruxelles-Central, dakika tano za kutembea zinatosha kumfikisha Grand-Place, kiwanja cha mawe ambacho kila mgeni anaanzia.

Majina ya barabara za pembeni yanaeleza yenyewe mahali hapa palikuwa nini. Kuna barabara ya siagi, ya wachinjaji, ya samaki, ya kuku, ya majani ya kupikia. Palikuwa soko. Hata ile nyumba inayoitwa kwa Kifaransa Maison du Roi, yaani nyumba ya mfalme, hakuna mfalme aliyewahi kukaa ndani. Kwa Kiholanzi wanaiita Broodhuis, nyumba ya mkate, juu pale mbele ndipo palipouziwa mkate. Brussels ni mji wa luga mbili, na kila kibao cha barabara kimeandikwa Kifaransa na Kiholanzi. Mgeni anayesoma vibao vyote viwili anapata historia mara mbili.

Nyumba ya mji, wanayoiita Hôtel de Ville, ilijengwa katika miaka ya 1400, na mnara wake una urefu wa metre 96. Juu kabisa kuna sanamu ya malaika Mikaeli, mlinzi wa mji. Nyumba zingine zinazozunguka kiwanja, zenye kupakwa rangi ya zahabu, zilikuwa za vyama vya kazi: wapika bia, waoka mikate, wachinjaji, wenye mashua, maseremala. Kila chama kilijenga nyumba yake na kuweka alama yake juu ya mlango ao juu ya paa, ili hata mtu asiyejua kusoma aitambue.

Mambo yenye watu wengi hawajui ni kwamba karibu nyumba zote hizo zilibomoka kwa siku tatu. Kuanzia tarehe 13 mpaka 15 Agosti 1695, jeshi la mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa lilipiga mji kwa mizinga. Nyumba zaidi ya 4.000 ziliungua. Mnara wa nyumba ya mji ulibaki umesimama. Vyama vya kazi vilichanga feza, na kwa muda wa miaka mitano hivi kiwanja kilikuwa kimejengwa upya, kizuri kuliko mbele. Mwaka wa 1998 UNESCO ilikiandika kwenye liste ya urizi wa dunia.

Kwa hiyo hapa hesabu iko wazi. Mwaka wa 1695, Ubelgiji kama inchi haikuwapo bado. Ilipata uhuru wake mwaka wa 1830. Grand-Place haikujengwa na feza ya Kongo. Ilijengwa na watu wa soko wenye kupoteza vyote na kuanza tena, jambo ambalo wafanyabiashara wa masoko ya kwetu yaliyoungua wanaweza kulielewa bila kuelezewa sana.

Karibu na pale kuna Manneken-Pis, kile kitoto cha shaba kinachokojoa kwenye pembe ya barabara. Wageni wengi wakikiona wanacheka: kina urefu wa sentimetre 55 hivi tu, na kilitengenezwa mwaka wa 1619. Kinachosimama nje ni mfano. Chenyewe cha zamani kinachungwa ndani ya makumbusho ya mji. Kiko na nguo zaidi ya elfu moja, zilizotolewa na inchi na vyama mbalimbali, na wanakivalisha kwa siku za sikukuu.

Kwa upande ingine wa Grand-Place kuna Galeries Saint-Hubert, barabara yenye kufunikwa na vioo, iliyofunguliwa mwaka wa 1847. Ndani yake, mwaka wa 1912, Jean Neuhaus alitengeneza shokola ya kwanza yenye kujazwa ndani, ile wanaita praline. Kakao nyingi ya shokola ya Ubelgiji inatoka Afrika ya Magharibi. Lakini wakulima wa Beni na Mambasa, wenye kukausha kakao yao mbele ya nyumba, wakitazama bei ya kisanduku kidogo kwenye vioo vya maduka hayo, wataelewa haraka mahali faida inapobaki.

Mchana: mahali tarehe 30 Juni ilipoamuliwa

Kutoka mji wa chini mtu anapanda kidogo, anafika Mont des Arts, mahali pa bustani na ngazi ambapo watu wanapiga mafoto ya mnara wa Grand-Place. Wageni wengi wanapita bila kujua kwamba nyumba kubwa ya mikutano iliyoko pale pembeni, zamani Palais des Congrès, ndipo ilipofanyikia Meza ya Mviringo, ile Table ronde ya mwaka wa 1960.

Mkutano ulianza tarehe 20 Januari. Patrice Lumumba hakuwapo. Alikuwa katika gereza, amehukumiwa kwa sababu ya fujo za Stanleyville, Kisangani ya leo. Wajumbe wa Kongo waliungana na kusema hawataendelea bila yeye. Ikabidi wamfungue, akapanda ndege, akafika Brussels akiwa bado na alama za pingu kwenye mikono. Muda mfupi kisha kufika kwake, tarehe ikapatikana: 30 Juni 1960.

Katika siku hizo hizo, Joseph Kabasele na kundi lake African Jazz walikuwa wamefika Brussels kupigia wajumbe muziki. Wimbo «Indépendance Cha Cha», ambao kila radio ya Kongo inaupiga kila mwaka tarehe 30 Juni, ulizaliwa pale. Ulipigwa kwenye Hoteli Plaza, katika boulevard Adolphe Max. Nyumba ya hoteli hiyo iko mpaka leo, na kutoka Grand-Place ni mwendo wa miguu tu. Mtu anayependa muziki anaweza kusimama mbele ya mlango wake dakika mbili, bila kulipa kitu.

Kule juu mtu anaona pia nyumba moja kubwa sana yenye kofia ya zahabu, inayotawala mji wote. Ni Palais de Justice, nyumba ya mahakama. Wakongomani wengi wanaionyesha kidole na kusema: hii ndiyo ya Leopold, hii ndiyo damu yetu. Lakini tarehe zinakatala. Kazi ilianza mwaka wa 1866, ikaisha mwaka wa 1883. Inchi ya Kongo ya Leopold wa pili, État Indépendant, ilianza mwaka wa 1885, na faida kubwa ya mpira ilikuja kisha miaka kumi ingine. Nyumba hiyo ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Hata nyumba za vioo za mfalme kule Laeken, zenye kufunguliwa kwa watu kila mwaka wakati maua yanapochanua, zilianza kujengwa mwaka wa 1874. Feza ya Kongo ilikuja kuongezwa kisha.

Jioni: farasi wa shaba na kibao cha Lumumba

Sasa mgeni anafika mahali ambapo hesabu inageuka. Pembeni ya jumba la mfalme, kwenye kiwanja cha Trône, kuna Leopold wa pili mwenyewe juu ya farasi. Sanamu hiyo ilizinduliwa mwaka wa 1926. Watu wanapita pale wakikimbilia metro, wachache wanasoma maandishi yaliyo chini. Yanasema kwamba shaba na bati ya sanamu hii vilitoka Kongo, na kwamba vilitolewa bure na Union Minière du Haut-Katanga.

Bure, kusema kweli, ni neno la kampuni. Kwa mtu wa Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, mwenye babu aliyetumika katika ile kampuni kwa mshahara mdogo, neno hilo lina uzito mwingine. Hapa hakuna haja ya kuzania wala kubishana: jiwe lenyewe linakiri. Mwaka wa 2020, wakati watu waliandamana katika inchi nyingi juu ya ubaguzi, sanamu hii ilimwagiwa rangi. Wengine wanaomba iondolewe, wengine wanataka ibaki na maelezo ya kweli pembeni.

Kutoka kwa farasi huyo, dakika chache tu za kutembea zinamfikisha mtu Porte de Namur. Pale, tarehe 30 Juni 2018, mji wa Brussels ulifungua Square Patrice Lumumba. Si kiwanja kikubwa. Ni kibao cha bluu, na maelezo mafupi juu ya waziri wa kwanza wa Kongo. Wakongomani wa Ubelgiji waliomba miaka mingi mbele ya kukipata. Mkongomani akipiga foto pale, ajue kwamba anapiga foto ya kitu kilichopiganiwa.

Si mbali na pale kuna Palais d'Egmont. Ndani yake, tarehe 20 Juni 2022, Ubelgiji ulirudisha kwa familia ya Lumumba kitu kimoja tu kilichobaki cha mwili wake: jino. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, mwili ukayeyushwa kwa asidi ili asiwe na kaburi. Askari polisi mmoja Mbelgiji aliyefanya ile kazi alichunga meno. Sanduku lilirudi Kongo, likapitishwa Onalua kwenye alizaliwa, Kisangani, na Katanga kwenye aliuawa. Likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni 2022.

Mwisho wa siku ya kwanza ni Matonge, nyuma tu ya Porte de Namur, katika komine ya Ixelles. Jina linatoka Matonge ya Kinshasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, nyumba moja ilifunguliwa hapa kwa kulaza wanafunzi waliotoka Kongo. Kisha yakafuata mabaa, masaluni, maduka ya vitenge na vyakula. Leo mtu wa Bukavu atakuta sombe, ijapokuwa hapa itaitwa pondu, juu Lingala ndiyo inatawala. Atakuta chikwange, samaki ya moshi, pilipili, na mahali pa kutumia familia feza. Akikaa kidogo kwenye saluni atasikia pia Kiswahili, cha Lubumbashi ao cha Kivu, na mwenye kukisema atamuuliza: «Ndugu, ulitokea upande gani?»

Wakongomani wengi wanaoonekana Matonge hawalali pale. Wanakuja kununua, kusuka nywele na kukutana, kisha wanarudi katika kartiye zingine. Bei ya nyumba imepanda, na wenye maduka wanalalamika kwamba pole pole mahali hapa panaponyoka mikononi mwao.

Asubuhi ya pili: lango lililojengwa na mpira

Siku ya pili inaanza kwenye bustani ya Cinquantenaire. Bustani ilifunguliwa kwa maonyesho ya mwaka wa 1880, Ubelgiji ulipotimiza miaka 50. Leopold alitaka lango kubwa pale kati. Bunge lilikataa kutoa feza. Miaka ikapita. Kisha, mwaka wa 1905, lango likasimama, kazi ya Mfaransa Charles Girault, na farasi wanne wa shaba juu yake. Watu waliambiwa kwamba limetolewa na matajiri wapenda inchi. Kumbe feza ilikuwa ya mfalme mwenyewe, ya mapato yake ya Kongo, na wale matajiri walikuwa wameazima majina tu.

Mapato hayo yalipatikana namna gani, watu wa vijiji vya mpira hawakusahau. Kila kijiji kilipewa kipimo cha mpira cha kuleta. Wanaume waliingia porini siku nyingi kuutafuta. Wanawake walishikwa kama rehani mpaka mpira ufike. Aliyekosa alipigwa fimbo. Askari walitakiwa kuonyesha kwamba risasi hazikupotea bure, na mikono iliyokatwa ikawa ndiyo risiti. Mashamba yakabaki bila mtu, njaa na magonjwa yakafuata. Leopold alikuwa amejitengea sehemu moja kubwa upande wa Mai-Ndombe, kubwa mara nyingi kuliko Ubelgiji wenyewe, na faida yake ndiyo ililipia manyumba na mabustani, Brussels na kwenye bahari kule Ostende.

Mwaka wa 1908, dunia ikiwa imepiga kelele, Ubelgiji ulichukua Kongo mikononi mwa mfalme. Mapatano yalisema kwamba Ubelgiji utalipa franka milioni 45 na nusu kwa kumaliza kazi za ujenzi alizoanza. Tena mfalme atapewa franka milioni 50 kama alama ya shukrani, na hiyo feza ya shukrani itoke Kongo yenyewe. Hiyo ndiyo sehemu ya neno la wazee iliyo kweli kabisa, na iko kwenye karatasi.

Katika bustani hiyo hiyo kuna ukumbusho mwingine wa mawe, wa mwaka wa 1921, kwa heshima ya Wabelgiji waliokwenda Kongo. Unaonyesha askari wa Ubelgiji akimwangusha «Mwarabu» mfanyabiashara ya watumwa. Neno hilo «Mwarabu» liliwahi kukwanguliwa kwenye jiwe kwa sababu ya malalamiko. Kwa watu wa Maniema na Kisangani, mchongo huu unagusa historia yao wenyewe. Misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka Zanzibar ilifika Nyangwe na Kasongo mbele ya Wabelgiji. Ilichukua watumwa na pembe za tembo, na ndiyo iliyoacha luga ya Kiswahili. Ukweli huo hauwezi kufichwa. Lakini jiwe linaficha kipande kingine: mwaka wa 1887 Leopold huyo huyo alimpa Tippu Tip, mkubwa wa wafanyabiashara hao, kazi ya kuwa wali wa Stanley Falls, kule Kisangani. Vita juu yao ilikuja kisha, kuanzia mwaka wa 1892, wakati waligombania nani atachukua pembe.

Mchana wa pili: Tervuren

Kutoka Cinquantenaire, metro ya Mérode mpaka Montgomery ni kituo kimoja. Pale mtu anapanda tramu namba 44. Hiyo safari peke yake ni matembezi: tramu inafuata barabara pana yenye miti, ambayo Leopold alitengeneza kwa maonyesho ya mwaka wa 1897, kisha inapita katikati ya pori la Soignes mpaka Tervuren.

Maonyesho hayo ndiyo yalizaa makumbusho ya leo. Mwaka wa 1897, Wakongomani 267 waliletwa kutoka Kongo na kuwekwa katika vijiji vya uongo pembeni ya maji ya bustani, ili Wazungu wawatazame. Watu zaidi ya milioni walikuja kutazama. Majira hayo yalikuwa ya baridi na mvua, na Wakongomani saba walikufa. Makaburi yao yako pembeni ya kanisa la Mtakatifu Yoane la Tervuren, mawe saba yenye majina. Kufika pale hakulipishwi. Watalii wengi hawafiki, juu treni ya kurudi inawasumbua kichwa. Wakongomani wengi wanafika na kuweka maua.

Makumbusho yenyewe, kazi ya Girault tena, ilifunguliwa mwaka wa 1910, Leopold akiwa amekufa mwezi wa Desemba mwaka uliotangulia. Ilifungwa mwaka wa 2013 kwa kutengenezwa, ikafunguliwa tena tarehe 8 Desemba 2018. Iko na vitu vya desturi zaidi ya 120.000, vingi vyake kutoka Kongo: masiki, viti vya wafalme, ngoma, silaha, vikapu. Iko pia na maktaba ya karatasi na ramani za udongo na madini. Ngalawa moja ya metre 22 hivi, iliyochongwa katika mti mmoja, ndiyo inapokea wageni kwenye njia ya kuingia.

Katika chumba cha mviringo, masanamu ya zahabu yangali yanasema kwamba Ubelgiji ulileta ustaarabu Kongo. Sheria ya kulinda nyumba za zamani haikuruhusu kuyatoa. Basi Aimé Mpane, msanii wa Kongo, alichonga kichwa kikubwa cha mtu kwa mbao na kukiweka kati ya chumba, ili kijibu. Kisha akaongeza cha pili: fuvu la chifu Lusinga.

Jina hilo watu wa Tanganyika wanalijua. Lusinga alikuwa chifu mwenye nguvu upande wa magharibi wa ziwa Tanganyika. Mwezi wa Desemba 1884, watu wa ofisa Mbelgiji Émile Storms walimshambulia na kumkata kichwa, na Storms akabeba fuvu mpaka Ubelgiji. Fuvu hilo lilichungwa Tervuren, kisha likapelekwa katika makumbusho ya sayansi ya Brussels. Sanamu ya Storms ilisimama miaka mingi kwenye kiwanja cha Meeûs, si mbali na Matonge, na iliondolewa tarehe 30 Juni 2022.

Katika ukumbi mwingine kuna ukuta wenye majina 1.508 ya Wabelgiji waliokufa Kongo katika mwanzo wa ukoloni. Wakongomani waliokufa wakati huo hawakuandikwa. Msanii Freddy Tsimba aliandika majina ya wale saba wa Tervuren kwenye vioo vya madirisha yanayotazamana na ukuta. Jua likiwaka, kivuli cha majina yao kinaangukia juu ya yale 1.508.

Swali la kurudisha vitu limeanza kupata njia. Mwezi wa Februari 2022, serikali ya Ubelgiji ilimpa waziri mkuu wa Kongo liste ya vitu 84.000 hivi. Mwaka huo huo sheria ikapitishwa ya kuruhusu kurudisha vile vilivyochukuliwa kwa nguvu. Mwezi wa Juni, mfalme Philippe alileta Kinshasa maski moja kubwa, Kakuungu ya Wasuku, lakini kwa jina la kuazimisha. Kazi inayobaki ni kutafuta, kitu kwa kitu, kilitoka kijiji gani na kilichukuliwa namna gani. Kwa kazi hiyo, wazee wanaojua majina ya vitu na desturi zake wanahitajika kuliko mafoto.

Mambo ya kujua mbele ya kufunga begi

Kuona haya yote si rahisi kwa mtu anayeishi Kongo. Viza ya Schengen ya muda mfupi, tangu Juni 2024, ni euro 90 kwa mtu mzima, na ukikataliwa feza hairudi. Unatakiwa asiransi ya safari yenye kufunika angalau euro 30.000, barua ya mwaliko ao mahali pa kulala, na alama kwamba utarudi. Aliyeipata haruhusiwi kupitisha siku 90 ndani ya siku 180. Mbelgiji anayetaka kuona ukuta wa Tervuren anapanda tramu. Mjukuu wa aliyechimba ile shaba anaanza na foleni ya viza.

Kwa mwenye kufika, feza nyingi hazihitajiki. Grand-Place, Cinquantenaire, farasi wa Trône, kibao cha Lumumba na makaburi ya Tervuren vyote ni bure. Makumbusho ya Tervuren inalipishwa, na siku ya Kwanza haifunguliwi, kwa hiyo siku mbili zipangwe vizuri. Viatu viwe vya kutembea: mawe ya mji wa zamani hayapendi viatu vya kisigino. Koti ya mvua ichukuliwe hata katika mwezi wa Julai.

Na akirudi nyumbani, mtu wake akimwuliza kama ni kweli Brussels yote ilijengwa na feza ya Kongo, atakuwa na jibu la kumpa, mahali kwa mahali. Soko la kati, hapana. Nyumba ya mahakama, hapana. Lango la Cinquantenaire, ndiyo. Barabara na makumbusho ya Tervuren, ndiyo. Farasi wa Leopold, ndiyo, na maandishi yake yanasema hivyo. Jibu hilo ni fupi kuliko neno la wazee, lakini hakuna mtu atakayeweza kulikana.